Mchwa Hawakati kwa Mstari

Juzi tumemzika kule Wawi mtu ambaye wengi wenu mlimpenda. Imamu aligeuka mbele ya jeneza akauliza, "Mwamshuhudiaje marehemu?" Watu wakaitika kwa sauti moja, "Mtu mwema!" Mimi mdomo niliufunga. Mzee aliyekuwa ubavuni mwangu akanikanyaga mguu ili niitike. Bahati yake aliukanyaga ule mzima. Jina la marehemu silitaji, si ada ya safu hii ya gazeti, lakini aliyewahi kucheza mpira wa kikapu Chake Chake zama za siasa, kabla ya Mapinduzi, anamjua. Ndiye aliyekuwa nahodha wetu.

Mwaka wa sitini na mbili ilitufikia habari kwamba Amerika, kule ambako watu hulipwa mshahara kwa kucheza kikapu, mtu mmoja mweusi, mrefu kama mnazi, ametia pointi mia katika mchezo mmoja. Mwalimu aliyetusomea gazeti tulimtaka arudie, tukidhani kakosea. Toka siku ile nikashikwa na wazimu. Mchana niko juu ya mkarafuu, jioni niko uwanjani, na kila nikitia mpira hung'ang'ania pete ya chuma, nikaning'inia na kupiga kelele, "Mia yaja!" Klabu moja ya Unguja iliahidi kuja kunitazama, na ikinipenda inichukue, nile na nilale kwa mpira. Kwa mtu aliyeacha skuli darasa la tatu, mlango ulikuwa huo tu. Lakini siasa zilikwishatugawa. Watu walikuwa hawauziani chumvi, hawazikani. Timu yetu moja ikawa mbili. Nahodha akenda na chama chake, mie nikabaki na cha baba yangu. Siku moja kabla ya timu hizo mbili kukutana, alinikuta sokoni.

"We mrefu, kesho watia mia?"

"Nikijaaliwa."

"Hata kumi hutii, Wallahi!"

Watu wakacheka, na mie nikacheka nao. Kesho yake, mbele ya wageni wa Unguja, nilitia, nikaning'inia kama ada yangu, na nguzo ya mbao ikaja nami chini. Goti likavunjika vipande. Wageni wakarudi kwao.

Nahodha alikuja hospitali na sahani ya halua. "Pole, ndugu yangu. Mchwa hao, hawana chama." Mji mzima ukaamini mchwa. Mama yangu hakuamini. Alikwenda uwanjani, akapapasa kile kisiki kilichobaki, akarudi akaniambia, "Mwanangu, mchwa hawakati kwa mstari." Msumeno nahodha aliuazima kwa mwenye duka la baiskeli, lile la mkono wa kulia ukishuka kutoka sokoni. Yeye yu hai, na safu hii husomewa na mjukuu wake. Ulimrudia una unga wa mbao ile ile, akanyamaza. Sheha wa mtaa alipomwuliza akasema hajui lolote. Bwana, salamu zako hizo.

Vijana wa leo huniambia, "Mzee, zile zilikuwa siasa, zishapita." Siasa haina mikono. Haikushika msumeno, wala haikupaka udongo kuficha mkato. Alishika mtu, tena mwenzangu, aliyenifundisha kudundisha mpira. Kisha Ijumaa zote hizi alisali msikiti mmoja nami, akiuona mguu wangu ulivyonyooka kama mwiko kwa kuwa haukunjiki, asiseme neno.

Baada ya maziko nduguye alinifuata. "Shehe, msamehe, keshakuwa udongo."

"Alikuwa na mdomo miaka yote," nikamwambia. "Akautumia kulia halua tu."

Kaburini nilitupa konzi zangu tatu za mchanga. Hiyo ni haki ya Muislamu, nimempa. Yangu ninayo bado. Masheikh hutufundisha kwamba Mungu husamehe haki Yake, ama haki ya mja huachiwa mja. Basi mwenye deni la namna hii na aombe angali na pumzi, kwani jenezani hakuna anayesikika. Nakuambia wewe wa baiskeli, uliyebaki. Nyumba yangu waijua. Mie kukufuata siwezi, mguu haunipeleki. Wewe yako miwili mizima.