Kankindi na Salamu za Saa Nne

Kankindi alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango. Chai yake ya maziwa, ukinywa moja utarudi, na mimi siyo mtu wa kusifu vya watu. Mjane, hana mtoto, Mkristo katikati ya sisi Waislamu wa mtaa wa Biryogo. Alipanga kachumba nyuma ya msikiti, akaweka benchi mbili na redio.

Redio ndo ilikuwa inaleta wateja. Zamani, saa nne asubuhi ilikuwa saa ya salamu. Wanasoma: fulani wa Kabeza anamsalimia shangazi yake kule Gahanga, anamwambia ng'ombe kazaa. Tunasikia nani kaoa, nani kafiwa. Jina lako likisomwa, unawanunulia wote chai. Siku walisoma la Kankindi, alilia mpaka maziwa yakamwagikia moto.

Halafu ikaja redio mpya. Nyimbo zake nzuri, sikatai. Lakini katikati ya wimbo kuna wanaume wanaongea kama walevi, saa nne hiyo, watu wazima wenye wake! Wanamtaja mtu, wanataja mtaa wake, wanacheka pua yake. Watutsi wanawaita mende, wanawaita nyoka. Mimi shule niliona ukuta tu, lakini matusi nayajua hata yakija na gitaa.

"Zima hiyo takataka," nikamwambia Kankindi.

Akaongeza sauti. Alikuwa anaosha kikombe, kikombe chenyewe kisafi.

"Mama, unajua mimi ni Mtutsi. Nikizima wataniuliza kwa nini nimezima."

Basi kila asubuhi anapika chai huku redio yake mwenyewe inamtukana, kwa mawe ya redio alinunua mwenyewe. Wateja wakicheka, na yeye anacheka. Kile kicheko kilikuwa kinaishia kwenye meno.

Sasa kulikuwa na Sibomana, fundi wa kujenga. Anampenda Kankindi miaka yote, anakunywa chai tatu bila kiu, na hasemi. Mtu mwema. Mjinga kama mlango. Mwezi wa pili mwaka huu wa tisini na nne, akaingia asubuhi na shati la pasi.

"Leo mfungue masikio," anasema. "Kuna zawadi ya mtu."

Saa nne, wimbo ukakatwa. Mtangazaji anasema: "Sibomana wa Biryogo anamsalimia Kankindi wa chai, nyuma ya msikiti." Nikaona Kankindi anashika ukuta. Mtangazaji akacheka. "Kankindi! Ule mrefu? Sibomana, ndugu yangu, unakunywa chai ya mende? Vijana wa hapo, piteni muonje, mtuambie kama iko na sukari."

Kwenye benchi mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Sibomana bado anatabasamu, uso haujapata habari.

"Nilitaka afurahi," anasema. "Kama zamani."

"Zamani iko wapi, wewe mbuzi?" nikamwambia. "Umewachorea njia mpaka mlangoni!"

Kankindi hakumgombeza. Alimuuliza kama anaongeza sukari.

Jioni wakaja vijana wanne, mashati ya chama cha serikali, marungu. Walikunywa, hawakulipa. Mmoja alifungua komeo la mlango, akalifunga, akalifungua tena.

"Kesho tunarudi saa ya salamu, mama chai. Redio usizime, eh?"

Asubuhi baada ya swala nilimvalisha baibui langu. Mkwe wangu Shaabani anaendesha lori la maharage mpaka Rusumo, mpakani na Tanzania. Kankindi alitaka kubeba redio.

"Redio inabaki," nikamwambia. "Leo itakufanyia kazi."

"Nikifika nitakutumia salamu, Mama."

"Ukituma nitakulaani! Jina lako mtu asilisikie tena."

Nilitia mawe mapya, nikaweka birika motoni, nikafungulia redio mpaka mwisho. Nikakaa mlangoni na karai langu la maandazi ya kuuza.

Wakaja.

"Bibi, yuko wapi?"

"Uani, anaoga. Mnaingia kuangalia mwanamke anaoga? Mlizaliwa na mama au mliokotwa?"

Wakacheka, wakakaa. Niliwamiminia chai, ikamwagika. Sibomana akapita, akaniona na birika la Kankindi, akaelewa. Siku hiyo alifunga mdomo. Lakini ile salamu yake sijamsamehe.

Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, na lori linaenda. Walipochoka waliingia uani. Walikuta ndoo. Yule wa komeo alinishika shingo, akaniangalia sana, akaniachia.

"Bibi, unajua kumwogesha mtu asiyekuwepo," akasema.

Walichukua redio.

Shaabani alirudi, akasema alimshusha karibu na daraja la mpakani, akamwona anatembea na watu wa soko. Zaidi ya hapo hajui. Na mimi salamu nilikataza.

Redio yenyewe iko pale kona kwa wale vijana, inapiga kelele. Kila saa nne naacha kukanda unga nasikiliza wasimtaje, maana wakimtaja wamejua yuko wapi. Hawajamtaja.

Leo wamemsalimia bibi mmoja wa maandazi, Biryogo, nyuma ya msikiti. Jina hawakusema. Wamecheka tu, wakaweka wimbo.