Vidonge Ndani ya Kikopo cha Vifungo

Shangazi aliuza dawa mtaani miaka thelathini na moja, na juu ya meza yake havikukosekana vitu viwili: kitabu cha sala na kioo cha kukuzia. Wengi walidhani kioo kilikuwa cha macho yake. Sivyo. Kilitokana na Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji wa suti, mgane wa miaka sabini na miwili, dawa zake zote akizichukua kwa Shangazi. Jumatano moja binti yake aliingia dukani, uso umemshuka.

"Dada, nipe tu dawa za baba. Namhamishia kwangu."

"Kuna nini?"

"Akili inamtoka. Siku mbili mzima, ya tatu analala juu ya cherehani mchana kweupe. Juzi ameanguka. Jana ameshonea mkono wa koti kwenye mfuko! Jumamosi inakuja mikokoteni kuibeba ile mashine."

Shangazi alimfahamu Fundi. Kumnyang'anya cherehani ilikuwa sawa na kumzika mzima mzima. Lakini kilichomkwama rohoni ni zile siku mbili za uzima. Akili gani hii inayotoka leo, kesho inarudi?

"Kesho mlete," alisema. "Abebe kila dawa aliyonayo."

Alhamisi Fundi alikuja na futi yake ya kupimia nguo shingoni, amenuna. Shangazi alimwingiza katika kile chumba kidogo nyuma ya rafu, penye viti viwili na pazia, binti akasimama mlangoni.

"Wamekutuma unipime akili?"

"Akili yako naijua, baba. Wewe si ndiye uliyenishonea sketi ya kubana?"

"Haikubana. Ulinenepa kati ya kupimwa na kuvaa."

Hata binti alicheka. Shangazi akafungua daftari. "Haya, dawa zako unakunywaje?"

"Ya presha asubuhi, ya usingizi usiku. Kama ulivyoniambia."

Jibu lilikuwa sahihi. Mwaka mzima lilikuwa sahihi, na mwaka mzima Shangazi aliweka alama ya vema na kufunga daftari. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mpaka mwisho wa maisha yake alisema ni Mungu aliyemshika mkono pale.

"Usiniambie, baba. Nionyeshe."

Fundi akatoa kikopo cha bati. Ndani, palipokuwa pa vifungo, pamejaa vidonge vitupu, vya daktari pamoja na vya mafua na kichwa, vimepangwa kwa rangi na ukubwa, kila aina na kijumba chake.

"Paketi zake ziko wapi?"

"Nimetupa. Zinakula nafasi bure."

"Hivi vyeupe vidogo ni vya nini?"

"Vya presha."

"Na vya usingizi?"

"Si hivyo hivyo? Vyeupe, vidogo. Vitu vya saizi moja na rangi moja utavitengaje? Mimi nimepanga vifungo miaka hamsini, mama."

Shangazi alivuta kikopo karibu. "Una kile kioo chako cha kutungia uzi?"

Kilikuwa mfukoni mwa shati. Chini ya kioo, vile vyeupe vingine vilikuwa na mstari katikati, vingine vina namba. Kila asubuhi mzee alikuwa akipiga kura bila kujua: leo presha, kesho usingizi. Siku nyingine alimeza ya presha mara mbili, asubuhi na usiku, ndipo kizunguzungu kikamwangusha.

"Kosa hili na mimi nimo," Shangazi aliwaambia wote wawili. "Mwaka mzima nimeuliza kwa mdomo, sijatazama kwa macho."

Akampigia daktari aliyeandika dawa zile. Daktari alikuwa na haraka. "Dada, wewe ni muuza dawa au mpelelezi?"

"Leo vyote viwili, daktari."

Alipoelezwa yaliyomo kikoponi, daktari akataka mzee apelekwe siku ile ile. Jioni dawa ya usingizi ilifutwa, na ya presha ikabaki ndani ya paketi yake. Shangazi alimwomba binti jambo moja tu: amwachie baba yake cherehani wiki tatu. Jumamosi mikokoteni ikarudi mitupu.

Wiki ya nne Fundi aliingia dukani peke yake, anatembea wima. Alileta koti jeupe la kazi, amelishona mwenyewe, na mfukoni mwake kile kioo.

"Kaa nacho," alisema. "Wapo wengi wenye vikopo."

Walikuwepo. Tangu siku ile hakuna mgonjwa aliyeambiwa "niambie" na Shangazi. Ilikuwa "nionyeshe", mpaka watoto wa mtaa wakamwita hivyo, Mama Nionyeshe, naye akaitika kwa raha zote.

Mwezi uliopita Mungu alimwita. Fundi, sasa miaka themanini na moja, alikuja kutoa pole moja kwa moja kutoka kazini, futi bado shingoni. Aliliona lile koti jeupe limetundikwa nyuma ya mlango. Akakunjua upindo wa mkono, akaupitisha kwenye vidole polepole.

"Mshono umenyooka," alisema. "Siku ile nikilishona, nilikuwa macho."