Bendera ya Mwenye Ukoo

Enzi zetu katika kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, gari la mkuu wa wilaya tulilijua kwa bendera yake ndogo ya mbele. Ikipepea, mkuu yumo. Ikivishwa kifuko chake, ni dereva tu anazunguka na shughuli zake. Mtoto yeyote wa darasa la tatu alilijua hilo. Isipokuwa mimi, kumbe!

Siku ya ugeni tulifagia njia tangu alfajiri, miguu imepakwa mafuta ya mawese hadi inang'aa, tumboni uji wa ule unga wa njano wa msaada. Mimi niliwekwa kwenye kona nichungulie. Nikaona vumbi, nikaona gari, nikapiga kelele, "Kaja! Kaja!" Shule nzima ikalipuka kwa ngoma. Tukaanza wimbo wa kumpokea mkuu, mwalimu mkuu akavua kofia, lakini ubeti wa pili haukuisha. Dereva akashusha kioo, peke yake garini, akauliza atapata wapi maji ya rejeta. Mama akanivuta sikio mbele ya watu wote: "Bendera imefungwa, wewe! Unamchezea nani?"

Leo nina watoto wanne, lakini wenzangu wa darasa lile, waliotawanyika huku Marekani, Columbus na Buffalo, bado wananiita Gari Tupu. Nikitangaza harusi kwenye kundi letu la WhatsApp, Eliza wa Buffalo huuliza, "Bwana harusi yumo lakini?"

Sasa sikilizeni. Hapa Jeffersontown, nikitoka kiwandani nashona nguo za watu. Jirani yangu mzee Duncan, ambaye mababu zake walitoka Uskoti, aliniletea kazi: bendera ya mkuu wa ukoo wao, kulungu mwekundu juu ya kitambaa cha njano. Mkuu mwenyewe alikuwa anakuja kutoka Uskoti kwenye mkutano wao, na mzee alikuwa amemngoja maisha yake yote.

"Hii si ya ukoo," akanionya. "Ni ya mtu mmoja. Sisi wengine tunavaa beji tu. Inapanda akifika, inashuka akiondoka."

Nilicheka hadi sindano ikanichoma kidole. Anamfundisha nani?

Jumamosi nikafika uwanjani. Lo! Bendera iko juu, wajukuu wa mzee wanapiga selfi chini yake, na mzee mwenyewe kaenda kumpokea mgeni. Nikawaambia waishushe. Wakacheka. "Mom, relax," binti yangu akanong'ona, aibu imemjaa. Nirelaksi vipi? Nililiona sikio la mzee Duncan likivutwa mbele ya ukoo wake mzima.

Nikashika kamba mwenyewe. Watu wakanitazama, huyu mama wa kitenge anateremsha nini? Niliipokea isiguse majani, nikaikunja ikiwa bado kwenye kamba yake, nikasimama nayo kifuani.

Gari jeusi likaingia. Safari hii sikupiga kelele. Nilingoja mlango ufunguke, mguu ushuke, ile sketi ya mirabaraba wanayovaa wanaume wa Uskoti ionekane yote. Ndipo nikavuta. Ikapanda bila kukwama, ikashika upepo!

Mkuu aliitazama, kisha akawapita wote akaja kunipa mkono. "Kila niendako Marekani," akasema, "bendera yangu hunitangulia. Leo imeningoja." Mzee Duncan akalia hadharani, na mimi nikapiga vigelegele vilivyowanyamazisha wapiga zumari. Nilifurahi, jamani, sitaficha.

Watoto wetu wana picha za kila kitu, lakini kumngoja mtu hawajui. Sisi tulisimama juani kutwa nzima, na mguu wa mkuu wa wilaya ukikanyaga chini, mioyo ilitudunda. Siku zile zimekwenda, na mama naye hayupo aone.

Binti yangu, yule wa relax, kumbe alirekodi yote. Jioni nikaitupa video kwenye kundi, nikaandika, "Gari Tupu hapa. Mwenyewe yumo."

Eliza akapiga simu kutoka Buffalo. Hakusalimia. Alianza ule wimbo wa kumpokea mkuu, nikamwitikia jikoni, na safari hii tuliuimba hadi mwisho.