Ng'ombe Aliyeponzwa na Herufi Moja

Flavian wa Milanzi anatengeneza redio, pasi na simu. Pale kibandani kwake kitu pekee ambacho hakijawahi kutengenezwa ni yeye mwenyewe. Ana miaka arobaini na moja, koti moja, na ulimi usioijua herufi l. Mkewe Lucia anaitwa Rusia tangu siku ya harusi. Amezoea.

Mwaka jana akajifunza JavaScript, lugha ya kuiamuru kompyuta, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Wakati huo kikundi chetu cha ufugaji kilikuwa kimepata mtamba mmoja, na wanachama kumi na wawili tunamtolea macho. Flavian akasema tusigombane, kompyuta itachagua.

"Kira mtu tunamwandikia sifa zake," akatufundisha. "Harafu fanksheni, yaani amri ya kompyuta, inazichunguria. Inajibu kweri au uongo, basi. Haina maneno mengi kama nyie."

Maswali yalikuwa matatu: analima? Ana banda? Ana majani ya malisho? Sote tulijua mtamba ni wa Rozina, mjane mwenye watoto wanne. Banda kalijenga kwa mikono yake, na majani ya mabingobingo kayapanda tangu masika.

Adela, katibu wetu, akaingiza sifa za kila mtu. Wiliam tu ndiye aliyegoma.

"Mimi mwanaume. Najiandikia mwenyewe."

Akajiandikia. Flavian akabonyeza. Uongo, uongo, uongo. Rozina, uongo. Wiliam, kweli!

Wiliam huyu huyu? Shamba la mwisho kulishikia jembe ni la shule, tena kwa adhabu. Majani anayo, yamemfika dirishani. Banda analo, la kuuzia pombe. Fanksheni iliuliza kama lipo, haikuuliza analala nani humo.

Rozina akakunja kamba aliyokuja nayo, akainuka. Hapo ndipo nilipochomwa.

"Kaa chini wewe," nikamwambia Rozina, nikamsukuma Flavian pembeni. Nimeishia la saba, lakini kwenye imla nilikuwa wa kwanza. Kwenye kioo yale maswali matatu yameandikwa kikompyuta:

mtu => mtu.anarima && mtu.banda && mtu.majani

"Flavian, hili neno la kwanza ni nini?"

"Anarima."

"Linaandikwaje?"

"Kama rinavyotamkwa, dada Silvana. A-na-ri-ma."

Mungu wangu. Adela katuandika wote "analima". Kompyuta inatafuta "anarima", haioni, na sifa isiyoonekana haiulizi imekwenda wapi, inaihesabu uongo. Kati yetu kumi na wawili, mmoja tu ndiye aliyeandika kwa ulimi wa Flavian.

Flavian akaweka l, akabonyeza tena. Rozina, kweli. Sisi wengine uongo, maana mabanda yetu bado ni maneno, langu likiwemo. Wiliam, uongo.

"Mmenionea!" akafoka. "Na mimi nirekebishieni! Narima!"

"Tutakurekebishia, kaka. Twende kwanza ukatuonyeshe hiyo r inakolimwa," nikamjibu.

Wiliam akakumbuka ameacha wateja bandani.

Rozina akakunjua kamba yake, akaondoka na mtamba. Kampa jina la Lulu, na mimi nasema kafanya makusudi. Kila asubuhi Flavian hupita kumjulia hali, anasimama nje ya banda anaita, "Ruru! Ruru!" Ng'ombe wa watu hata sikio hatikisi. Kwake jina hilo ni uongo.