Moyo Uliogeuzwa

Wanafunzi walimwita Mama Mkasi, na jina lilimkaa. Alifundisha biolojia katika shule ambayo maabara yake ilikuwa kabati moja tu, na ndani ya kabati hilo viumbe pekee wa kuchunguza walikuwa mende. Akaona yasiwe mengi. Alijifunza kuchora kwenye kompyuta ya shemeji yake, akashinda nayo likizo nzima, akiuzungusha moyo wa binadamu kwenye kioo, akiukata vipande na kuvilaza bapa, mpaka vikaenea kwenye karatasi moja ambayo mtoto angeweza kuikata, kuikunja na kuigandisha kwa gundi. Mama yake mzazi alilalamika kwamba kila akienda kutandika meza anakuta mishipa ya damu imemtangulia.

"Humu ndani tunakula au tunapasua watu?" aliuliza.

Karatasi ya kumi na tisa ndiyo iliyokubali kukunjika sawasawa. Ncha ya moyo ilielekea kushoto, kama ilivyo vifuani mwetu. Ofisi ya elimu ikaipenda, ikaahidi kuchapa nakala elfu nne kwa shule zote, na kwa wiki nzima Mama Mkasi hakushikika kwa furaha.

Nakala zilipofika, alikunja moja palepale kwenye ngazi za shule, akaiweka kifuani. Ncha ilielekea kulia. Akakunja ya pili, ikawa vilevile. Damu ikamchemka, akaenda ofisini bila hata kufuta chaki mikononi.

Afisa wa vifaa alimpokea kwa tabasamu.

"Mwalimu, ulikuwa umechanganya. Neno kushoto uliliandika upande wa kulia wa karatasi. Nimeligeuza umbo zima na kupanga maandishi upya. Usione haya, hata mimi hukosea."

"Bwana afisa, mimi na wewe tumetazamana. Mkono wako wa kushoto uko upande gani kwangu?"

Afisa aliutazama mkono wake, akautazama wa mwalimu, kisha akajitia hamnazo.

"Zimeshachapwa, mwalimu. Na hao watoto, tofauti wataijulia wapi?"

Hapo ndipo alipopandwa na mori. Kosa angelisamehe, nani hajakosea? Lakini mtu kukalia kiti cha elimu huku akitegemea watoto wasijue, hilo hakulikubali. Na karatasi elfu nne zilikuwa tayari kwenda kuwadanganya.

Kesho yake walimu waliitwa kuonyeshwa namna ya kuzitumia, afisa akiwa mstari wa mbele. Mama Mkasi akasimama.

"Kunjeni kinyume. Upande wenye rangi uingie ndani."

Wakakunja. Umbo lililogeuzwa, likikunjwa kinyume, hurudi sawa. Ikatokea mioyo arobaini myeupe, ncha zote kushoto. Rangi na majina vilifichika ndani, kwa hiyo watoto wangelazimika kuichora mishipa wenyewe.

Afisa alipiga makofi kuliko wote.

"Ubunifu mzuri sana," alisema, akifungua daftari la ripoti. "Nitaandika kwamba ofisi imeleta mbinu mpya."

"Andika kwamba ofisi iligeuza moyo bila kumwuliza aliyeuchora," alisema Mama Mkasi.

Kalamu ya afisa ikasita.  Mama Mkasi akaichomoa vidoleni mwa yule bwana, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni.