Barua Iliyorudi kutoka Ifunda

Nakumbuka vizuri siku mshenga wangu, Baba Tumaini, aliponirudia Mwanjelwa na barua yangu ya posa. Ilikuwa imefunguliwa na haina jibu. Aliiweka juu ya kiatu nilichokuwa nashona, akaniuliza, "Wewe, ulisoma chuo gani?"

Mwanangu, niliishia darasa la saba, na Baba Tumaini alilijua hilo.

Sisi ni rika lililozaliwa kabla ya simu kufika vijijini, tukaja kuoa zikiwa zimeshafika. Zilitufaa sana. Mtu mwenye haya kama mimi aliweza kusalimia watu mia bila kuinua macho. Ila zilitufundisha pia kuazima. Picha yangu ya simuni nilikuwa nimeegemea gari la mteja. Na wakati wa posa ulipofika, niliuonea aibu mwandiko wangu. Nikaomba barua kwenye kundi la marafiki, mmoja akatuma yake. Nikaipeleka ikachapwa, nikabadilisha majina, nikatia sahihi bila kuimaliza, maana nasoma polepole.

Kumbe chini iliandikwa kwamba tulipendana chuoni. Consolata, binti niliyemposa, alikuwa anauza mchele Chimala. Chuo hajakanyaga.

"Kwao wanasema una binti mwingine," alisema Baba Tumaini. "Shangazi mtu anataka uende mwenyewe Jumamosi. Usipokwenda, mlango umefungwa."

Nilikwenda Ifunda, kwao Consolata. Nilimkuta Shangazi jikoni, amebandika maharage.

"Kamwene, Shangazi," nikamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, msomi," akajibu, na wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko. "Haya, tueleze. Unaposa wa chuoni, au huyu wetu?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikasema barua si yangu, nimeiazima.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, baba. Tumeyaona." Akachana karatasi ya daftari, akanipa kalamu. "Andika yako. Sina haraka, maharage ni mabichi."

Niliandika. Wanawake walimaliza viazi. Maharage yakaiva, yakaungwa, yakaepuliwa, mimi niko mstari wa nne. Nilijua nikikosea hapo nimempoteza Consolata, na hakuna wa kumwomba maneno. Mwisho karatasi ilisema hivi:

"Mimi nashona viatu Mwanjelwa. Gari la kwenye picha si langu. Nilimwaga mchele wa Consolata sokoni Chimala, akanicheka, nikaokota naye mpaka punje ya mwisho. Sijui kusema mengi. Nikiharibu, nitaokota. Naomba mnipe."

Shangazi alisoma, akarudia. Kisha akamwita kaka yake, baba wa Consolata.

"Mwandiko kama kuku kapita," alimwambia. "Lakini kuku huyu najua katokea wapi. Mkaribishe ndani."

Nilikula maharage yale kama mkwe. Shangazi aliitunza karatasi ile, akatukabidhi siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza. Mpaka leo namshukuru. Angeweza kunifukuza, na angekuwa na haki. Yeye alinipa kalamu.

Siku hizi, mwanangu, simu yenyewe inatunga barua, tena nzuri kuliko ile ya rafiki yangu. Sikukatazi. Mimi mwenyewe ndiyo iliyonifundisha kukata soli za kisasa, na kwayo namsikia mama yangu kila jioni. Azima ujuzi, azima hata mbegu. Lakini unapoomba mke, unapoomba radhi, unapomshukuru aliyekulea, sema kwa maneno yako, hata yakiwa manne na yamepinda. Anayekupenda hangoji maneno mazuri, anangoja kukuona wewe. Na kabla hujatia sahihi, soma mpaka chini, hata kama unasoma polepole kama mimi.

Mungu akujalie mtu wa kukurudishia barua yako mapema, na jiko la kuiandikia upya, na chungu kisichoiva haraka.