Tonge la Kubakiza

Kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mtu aliyeshiba hasemi kwamba ameshiba. Anabakiza. Tonge moja linakaa chini ya chombo, na aliyempikia akiliona anajua chakula chake kimefika. Chombo kilichokwanguliwa kinasema bado nina njaa. Ukikirudisha hivyo, mama wa nyumba atainuka akuongezee, hata kama anachoongeza ni cha watoto wake.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitajisingizia kwamba imepoa.

Tonge hilo nililichukulia kwa uzito kuliko wenzangu wote. Ndivyo nilivyoumbwa. Kusoma nilijifunza peke yangu, kwa herufi zilizopakwa rangi kwenye masanduku ya misumari, na mpaka leo herufi moja ikipinda nafuta neno zima. Kwenye chakula ilikuwa hivyo hivyo. Tonge likiwa kubwa, niliogopa kuonekana nimedharau mapishi. Likiwa dogo, niliogopa kuitwa mlafi. Nililisawazisha kwa kidole huku wenzangu wameshanawa. Yeyo, mama yangu, alikuwa akinicheka.

"Tonge unalilaza kama mtoto mchanga," alisema. "Liache likae linavyokaa."

Halafu Wadachi wakataka barabara ya kwenda Moshi, na kila ukoo ukaambiwa utoe vijana. Tulipiga kambi ng'ambo ya mto Kijenge. Msimamizi wetu alikuwa Mdachi mwembamba asiyejua hata salamu yetu, na maneno yake yalitufikia kwa mdomo wa nyapara, mtu wa pwani. Kila mmoja alipewa bakuli la bati. Mpishi alitupimia ugali kwa upawa, upawa mmoja wa kufurika, na maharage juu yake. Kazi ya kubeba mawe inautafuna mwili, lakini chakula kile kilitutosha. Nasema kilitutosha, kwa sababu nakumbuka hali ya kutosheka: tumbo linatulia, mkono wenyewe unapunguza mwendo, unajua hapa ndipo pa kuacha.

Tukaacha, kila mtu tonge lake, kama tulivyolelewa.

Mdachi alikuja akasimama mbele ya mabakuli yale. Aliinama, akayatazama moja baada ya jingine, akasema jambo kwa nyapara. Siku iliyofuata upawa haukufurika. Tulidhani mpishi amechoka. Tukala, tukabakiza. Baada ya siku chache upawa ukawa unaishia katikati.

"Nyapara," mkubwa wa rika letu aliuliza, "unga umekwisha?"

"Unga upo. Bwana anasema mnatupa chakula. Kila siku anaona kinabaki. Anasema nyie watu wa mlimani mna matumbo madogo."

Tulicheka. Ndiyo, tulicheka, tukadhani ni kichekesho cha siku moja.

"Mwambie hatutupi," mkubwa wetu alisema. "Tunamshukuru mpishi."

"Nikamwambie mnashukuru kwa kumwaga ugali? Shukuruni kwa mdomo kama watu."

"Mdomo ndio unaodanganya."

Nyapara akatikisa kichwa, akaenda zake. Sijui kama alimwambia. Upawa ulizidi kupungua.

Nilitaka kulikwangua bakuli langu. Nilitaka hivyo kila mlo, nikamtazama mkubwa wetu, nikamwona anabakiza, nami nikabakiza. Alikuwa ametuambia wazi, "Asiyebakiza ni mbwa. Mnataka yule Mdachi akasimulie kwamba sisi ni mbwa?" Basi tulikonda kwa adabu. Nikilikumbuka jambo hilo natamani kupiga kitu. Watu wazima wenye akili tuliketi juu ya mawe tukayatazama matonge tuliyoyahitaji, na mimi bado nililisawazisha la kwangu kwa kidole, safi, la mviringo, ili asiwepo wa kunilaumu.

Siku niliyoangusha jiwe kwa sababu miguu ilikataa kunibeba, sikubakiza. Nilikwangua, kisha nikalamba bati mpaka ulimi ukaonja chuma.

"Mtupieni mfupa," mmoja wa wenzangu akasema.

Nilikuwa nikimtazama Mdachi. Nilijua bakuli kavu litaisema njaa yetu, hata kama nyapara hakuisema. Alilichukua, akaligeuza kwenye jua. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tufike, akamwita nyapara.

"Bwana amefurahi," nyapara akatuambia. "Anasema sasa kipimo kimekuwa sawasawa."

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Kikibaki, tumepewa kingi mno. Kisipobaki, tumepewa sawasawa. Bakuli la bati halikuwa na namna ya kusema njaa. Baada ya siku hiyo wote wakalamba, hata mkubwa wetu, ambaye aligeuka akatupa mgongo kwanza. Upawa haukurudi ulikotoka.

Barabara ilipofika kwenye kipande cha vijana wa ukoo mwingine, tulirudishwa nyumbani. Yeyo alinipikia ndizi, akaziponda kwa maziwa, akaniwekea mbele yangu. Wadogo zangu walikaa upande wa pili wa mafiga, wakingoja zamu yao. Nilikula mpaka chini. Hakuuliza neno, akaongeza. Nikala mpaka chini tena. Nilikuwa nikipatafuta pale pa kuacha, na sikupaona. Tumbo lilikuwa limejaa hata linauma, na bado halikuniambia kitu. Mkono uliendelea peke yake.

Akainuka mara nyingine. Nikasikia mwiko ukikwangua chungu.

Nilitazama upande wa mafiga. Wadogo zangu hawakuwa wakinitazama mimi. Walikuwa wakikitazama chungu.

Yeyo akaniletea kile alichokikwangua. Nikala kidogo, nikautoa mkono kwa nguvu, kama mtu anayemvuta ng'ombe kutoka shambani mwa jirani. Lililobaki lilikaa ovyo, limeegemea ukingo, na sikuligusa. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Umeshiba, mwanangu?"

Swali hilo hakuwa amewahi kuniuliza. Kwetu halina haja ya kuulizwa.

"Nimeshiba, Yeyo," nilisema, kwa mdomo.

Akakichukua chombo, akawapelekea wadogo zangu.